Mjadala Unapokwama: Kutafuta Hitilafu katika Maneno Madogo ya Mantiki

Jumamosi moja baada ya sala ya Isha, katika baraza la Mji wa Kale hapa Mombasa, tulikuwa tukijadili kama mwanadamu ana hiari katika matendo yake. Birika la kahawa tungu lilizunguka mara tatu, na wazee wawili waliokuwa wakipingana walikuwa wamechoka bila yeyote kusogea hata shubiri. Ndipo kijana mmoja alipoomba ruhusa na kumuuliza mmoja wao: "Maalim, unaposema kwamba watu wote hawana hiari, unakusudia kuwa hakuna hata mmoja aliye nayo, au kuwa wapo wasio nayo?" Maalim alikuwa amekusudia la pili. Mwenzake alikuwa akipinga la kwanza tangu mwanzo, na hilo la pili hata yeye alilikubali. Kwa muda wa saa mbili wazee wale walikuwa upande mmoja.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiandika daftarini mijadala inayokwama, pamoja na neno lililoikwamisha. Mara chache sana neno hilo huwa ni zito kama "nafsi", "haki" au "ukweli". Mara nyingi huwa ni dogo: si, na, au, kama, kila, ni, lazima. Maneno haya hayataji kitu chochote ulimwenguni, ila ndiyo yanayobeba uzito wa hoja nzima, na kwa kuwa kila mtu anadhani anayajua, hakuna anayeombwa ayafafanue. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili, kwa sababu aliye ndani ya mjadala huiona dalili kabla ya kukijua chanzo.

Kabla ya kutafuta dalili yoyote, lifanywe jaribio moja. Kila upande uombwe kutaja jambo ambalo, likithibitishwa au likikanushwa, litaufanya uondoe kauli yake. Pande zote mbili zikitaja jambo lile lile, basi wanapingana kuhusu ulimwengu, na linalohitajika ni ushahidi. Zikitaja mambo mawili tofauti, kauli zao hazikugusana, na hitilafu imo ndani ya maneno.

Dalili: wawili wanapingana kwa ukali, lakini kila mfano unaotolewa wote wanaukubali

Chanzo cha kawaida ni ukanushi usiojulikana himaya yake inakomea wapi. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe, na kwa sababu hiyo sentensi yenye "wote" pamoja na kitenzi kilichokanushwa hubaki njia panda. Mtu aliyetoka kivukoni Likoni akisema, "Magari yote hayakuvuka," huenda akawa na maana kwamba feri ilikwama na hakuna hata gari moja lililofika ng'ambo. Huenda pia akawa na maana kwamba baadhi yalivuka na mengine yakaachwa kwenye foleni. Anapozungumza, sauti yake na mkazo anaouweka kwenye "yote" hutuongoza. Katika maandishi, au katika mjadala ambao watu wanasikia wanachokiogopa, mwongozo huo haupo.

Tiba yake ni nyepesi, nayo imo ndani ya lugha yenyewe. Anayekusudia maana ya kwanza aseme, "Hakuna gari lililovuka," na anayekusudia ya pili aseme, "Si magari yote yaliyovuka." Sentensi hizi mbili haziwezi kuchanganywa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliitambua tofauti hii alipotenga kauli zinazokinzana na kauli zilizo kinyume. Kauli zinazokinzana, moja ikiwa kweli ni lazima nyingine iwe si kweli, na haiwezekani zote mbili zikaanguka. Kauli zilizo kinyume haziwezi kuwa kweli zote mbili, lakini zinaweza kuanguka zote. "Kila ujuzi hutokana na hisi" na "Hakuna ujuzi utokanao na hisi" ni kauli zilizo kinyume, na mwenye kuipinga ya kwanza hadaiwi kuithibitisha ya pili. Anachohitaji ni ujuzi mmoja tu usiotokana na hisi. Nimeona watu wakijitwika mzigo wa kuthibitisha kauli kubwa ambayo hawakuihitaji, na mpinzani akafurahia kuwaacha wajitwike.

Jamaa wa hitilafu hii ni "siamini kwamba". Anayesema, "Siamini kwamba nafsi hubaki baada ya kifo," huenda hana msimamo wowote juu ya jambo hilo, na huenda anaamini kabisa kwamba haibaki. Mazoea yetu ya adabu hutufanya tuitumie kauli laini ya kwanza tunapokusudia ile ya pili yenye ukali. Adabu hiyo ni njema, lakini katika mjadala aliyesema hivyo aulizwe moja kwa moja yuko wapi, kwa sababu asiye na msimamo hadaiwi hoja ilhali mwenye msimamo anadaiwa.

Dalili: mmoja anatoa hoja yenye sharti, mwenzake anaiona ni upuuzi, na wa kwanza hauoni upuuzi huo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna neno lililotutesa barazani kuliko "kama" na ndugu zake, ikiwa, iwapo, endapo, -ki-, -nge- na -ngali-.

Ugomvi huu si wa leo. Yapata miaka 2,300 iliyopita, mwanafalsafa wa Kigiriki Diodorus Cronus na mwanafunzi wake Philo walihitilafiana kuhusu lini kauli ya sharti huwa ya kweli, na ugomvi huo ukavuma kiasi kwamba mshairi Callimachus alisema hata kunguru walio juu ya mapaa wanalia kuuliza ni masharti yapi yanayofuatana. Philo alishikilia kwamba kauli ya sharti huanguka katika hali moja tu, nayo ni pale sharti linapokuwa kweli na tokeo lake likawa si kweli. Katika hali nyingine zote husimama. Diodorus aliona hilo halitoshi, akadai kwamba haikuwezekana wala haiwezekani sharti liwe kweli na tokeo lisiwe.

Tuupime msimamo wa Philo kwa jambo tunalolijua. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianzishwa na Wareno mwaka 1593. Kwa kipimo cha Philo, kauli "Kama ngome ilijengwa na Waingereza, basi papa hupanda minazi" ni ya kweli, kwa kuwa sharti lake si kweli na kwa hiyo ile hali moja ya kuiangusha haiwezi kutokea. Msikilizaji wa kawaida hukataa, na ana haki yake, kwa sababu kwake "kama" huahidi uhusiano kati ya sharti na tokeo. Hata hivyo, mwanahisabati Mjerumani Gottlob Frege, katika kitabu chake cha mwaka 1879 kilichofungua ukurasa wa mantiki ya kisasa, alichagua sharti linalofanana na la Philo kwa kuwa katika hisabati linatosha na halina utata. Kwa hiyo mtu aliyesoma mantiki chuoni na mtu asiyeisoma wanapokutana barazani, kila mmoja ana "kama" yake mfukoni, na wote wawili ni waaminifu.

Hitilafu hii huwa mbaya zaidi tunapoingia katika mambo yasiyotokea. "Kama Wareno wasingalijenga ngome, Mombasa isingalipiganiwa sana" na "Kama Wareno wasingalijenga ngome, Mombasa ingalipiganiwa zaidi" ni kauli mbili ambazo mtu mwenye akili timamu hawezi kuzishika pamoja. Kwa kipimo cha Philo zote mbili ni za kweli, maana Wareno waliijenga. Hii ina maana kwamba -nge- na -ngali- hazipimwi kwa kipimo cha Philo, na yeyote anayejaribu kuzipima hivyo anatumia mizani ya dhahabu kupimia urefu wa kitambaa. Jambo hili lina uzito mkubwa katika falsafa. Mwanafalsafa Mskoti David Hume, mwaka 1748, alikieleza kisababishi kuwa ni kitu kinachofuatwa na kingine, ambapo vitu vyote vinavyofanana na cha kwanza hufuatwa na vitu vinavyofanana na cha pili. Kisha, kana kwamba anarudia jambo lile lile kwa maneno mengine, akaongeza kwamba kama cha kwanza kisingalikuwapo, cha pili kisingalikuwapo kamwe. Hayo si mambo mamoja. La kwanza linazungumzia mfuatano tunaouona, na la pili linazungumzia hali ambayo haikutokea. Mwanafalsafa Mmarekani David Lewis, mwaka 1973, aliijenga nadharia nzima ya visababishi juu ya kauli ile ya pili. Barazani, mjadala unaohusu kisababishi ukikwama, mimi huuliza kwanza kama wazungumzaji wanatumia -ki- au -ngali-, na mara nyingi jibu hutosha kuwatenganisha.

Kiswahili kina mitego yake mingine miwili hapa. Wa kwanza ni kwamba -ki- hubeba wakati pamoja na sharti. "Mtu akifa, nafsi humtoka" ni kauli ya lini, na pia ni kauli ya iwapo. Anayeisoma kwa njia ya wakati anaeleza mfuatano wa matukio mawili, na anayeisoma kwa njia ya sharti huenda anaeleza maana ya kufa. Mtego wa pili ni kuligeuza sharti juu chini. Askari wa kivuko akimwambia dereva, "Ukilipa utavuka," dereva husikia kwamba asipolipa hatavuka, na hakosei, kwa sababu hayo ndiyo mazoea ya kivukoni. Lakini sentensi yenyewe haijasema hivyo. Abiria waendao kwa miguu hawalipi, na bado wanavuka. Angetaka kulifunga sharti kwa pande zote angesema, "Ukilipa ndipo utakapovuka." Neno hilo "ndipo" ni hazina, kwa kuwa hufunga mlango ambao -ki- peke yake huuacha wazi. Katika mjadala, mtu akisema, "Kiumbe kikiwa na akili ni mtu," aombwe aseme kama angekubali "Kiumbe kikiwa na akili ndipo kiwapo mtu." Kauli ya kwanza haimtoi mtoto mchanga katika utu, lakini ya pili inaweza kumtoa.

Dalili: hoja fupi, yenye "lazima" mwishoni, inafika mbali kuliko inavyostahili

Hoja niliyoisikia mara nyingi zaidi katika mji huu, ambako suala la kudra liko midomoni mwa wengi, ni hii: Mungu anajua kwamba kesho utavuka kwenda Likoni, alijualo Mungu ni lazima liwe, basi ni lazima uvuke, na huna hiari. Hoja hii inapendeza kwa ufupi wake, na ndani ya ufupi huo "lazima" imehama nyumba bila kuaga.

Kuna mambo mawili yanayoweza kusemwa. La kwanza ni kwamba kufuatana kwenyewe ni kwa lazima: haiwezekani Mungu ajue kwamba utavuka kisha usivuke. La pili ni kwamba kuvuka kwako ndiko kwenye ulazima: haiwezekani usivuke. La kwanza hutokana na maana ya kujua, kwa kuwa hakuna ajuaye lisilo kweli. La pili halitokani na la kwanza. Ukimwona mtu amekaa barazani, ni lazima awe amekaa, la sivyo hukumwona amekaa. Hata hivyo hakuna aliyemlazimisha kukaa, na angeweza kusimama. Mfano wa mtu aliyekaa ulitumiwa na mwanafalsafa Mroma Boethius katika karne ya 6, alipokuwa kifungoni akitafakari suala hili hili. Naye Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, alitenganisha ulazima unaodumu muda wote ambao kitu kipo na ulazima unaodumu kwa muda ambao kitu kina sifa fulani. Kitu kiendacho ni lazima kibadili mahali maadamu kinakwenda, lakini hakilazimiki kwenda daima.

Tiba ni kuihamisha "lazima" hadi mwanzo wa sentensi nzima, kisha kusikiliza kama bado sentensi inasema ulichotaka. "Ni lazima hivi: akijua utavuka, utavuka" ni sentensi salama. "Akijua utavuka, basi kuvuka kwako ni kwa lazima" ni dai jipya linalohitaji hoja yake yenyewe. Pamoja na hayo aulizwe msemaji ulazima wake ni wa nguvu gani, kwa sababu neno letu moja hubeba ule wa mantiki, wa maumbile, wa sheria kama katika "lazima ulipe ushuru", na wa kukisia kama katika "lazima ameshafika nyumbani", ambao kwa kweli ni kukiri kwamba hatujamwona.

Niseme wazi kwamba tiba hii haimalizi suala la kudra. Anayeshikilia kwamba hakuna hiari bado anaweza kusema kwamba ujuzi wa Mungu ulikwishakuwapo jana, na la jana halibadiliki tena, na hapo anakuwa ametoa hoja nyingine yenye nguvu zaidi. Tiba huondoa hoja mbovu ili ile nzuri ionekane, na nafikiri ni heshima kwa mpinzani kumfikisha kwenye hoja yake nzuri.

Dalili: mmoja anatoa mfano wa kupinga, mwenzake anaupuuza bila haya

"Wanadamu hutenda kwa maslahi yao," anasema mmoja. Mwingine anamtaja jirani aliyezama baharini akimwokoa mtoto asiyemjua. Wa kwanza hatikisiki. Tunamwona mkaidi, lakini mara nyingi chanzo ni kiambishi hu-.

Kauli yenye hu- haisemi "wote" wala haisemi "baadhi". "Mbu hueneza malaria" ni kauli ya kweli, ingawa mbu dume hawaenezi, na hata miongoni mwa majike ni wa jenasi ya Anopheles tu wanaoweza kumwambukiza mwanadamu. Ni mbu wachache, na bado tunaikubali kauli bila kusita. Kwa hiyo mfano mmoja wa mbu dume hauiangushi, na kwa njia hiyo hiyo jirani aliyezama haiangushi kauli ya maslahi ikiwa imekusudiwa kueleza tabia ya jumla. Ikiwa imekusudiwa kusema kwamba kila tendo la kila mtu ni la maslahi, basi jirani yule mmoja anatosha kuibomoa, au angalau kumlazimisha msemaji aeleze maslahi yaliyokuwa chini ya maji.

Hatari ni kwamba msemaji huenda na rudi. Akishambuliwa kwa mfano hujificha ndani ya hu-, na hatari ikipita hutoka na kudai kwamba hakuna wema wa kweli duniani, dai ambalo linahitaji "kila". Aombwe achague kabla ya mifano kuanza kutolewa. Akisema "kila", mfano mmoja unamtosha. Akibaki na hu-, asiruhusiwe kuhitimisha chochote kuhusu mtu mmoja fulani. Ninaamini kwamba nusu ya dharau zinazoelekezwa kwa makabila na dini za watu hupitia katika mlango huu, na ndiyo maana siwezi kuuchukulia kwa wepesi.

Dalili: "na" na "au" zinazoleta zaidi ya zilivyoagizwa

Mjini Baghdad, katika karne ya 10, mwanasarufi al-Sirafi alishindana na Abu Bishr Matta, mfasiri wa vitabu vya Aristotle, mbele ya waziri. Matta alidai kwamba mantiki ni mizani ya maneno sahihi kwa lugha zote. Al-Sirafi akamuuliza kuhusu herufi moja tu, wau, ambayo hufanya kazi nyingi kama "na" yetu. Matta akajibu kwamba hiyo ni sarufi na mwanamantiki haihitaji. Mimi naona kwamba siku ile al-Sirafi alikuwa na haki, angalau kwa yeyote anayejadili kwa lugha ya watu na si kwa alama za hisabati.

"Imani na akili humfikisha mtu kwenye ukweli." Je, kila moja humfikisha peke yake, au ni mpaka ziungane? Mmoja anayesikia "kila moja" na mwingine anayesikia "zote pamoja" wanaweza kugombana mpaka adhana ya alfajiri. Tiba ni kuongeza neno moja tu: "kila moja" au "kwa pamoja".

Kuhusu "au", swali ni kama inaruhusu yote mawili. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967, alionyesha kwamba mengi tunayodhani ni maana ya neno ni vidokezo vinavyotokana na mazungumzo. Ukiniambia kwamba ufunguo uko kwa karani au kwa mhasibu, naelewa kwamba hujui uko kwa nani. Ukiwa unajua, hukusema uongo, ila umenipotosha. Vivyo hivyo, wazo kwamba "au" haikubali yote mawili mara nyingi ni kidokezo tu, kwa kuwa kidokezo kinaweza kufutwa kwa kuongeza "au yote mawili" bila ukinzani, ilhali maana haifutiki hivyo. Jaribio hilo linatosha.

Dalili: "X ni Y", kisha kila mtu anaondoka na sentensi yake

"Mombasa ni kisiwa," tunasema, na papo hapo tunakubali kwamba Likoni, Kisauni na Changamwe ni Mombasa pia ilhali ziko bara. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa kila mmoja anajua wapi jina linataja kisiwa na wapi linataja mji mzima. Lakini mtu akisema, "Akili ni ubongo," hatuna ramani ya kututoa mashakani. Huenda anasema kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili, kama nyota ya jioni na nyota ya asubuhi zilivyo zote Zuhura, mfano ambao Frege aliufanya maarufu mwaka 1892. Huenda anasema kwamba akili ni kazi ya ubongo, kama kukata ni kazi ya kisu. Huenda anasema kwamba bila ubongo hakuna akili, jambo ambalo hata anayeamini roho anaweza kulikubali kwa maisha ya hapa duniani.

Kipimo chetu ni -ndi-. Anayekusudia umoja wa vitu hivyo hana budi kukubali kusema, "Ubongo ndio akili, na akili ndiyo ubongo," mbele na nyuma, na akubali kwamba kila sifa ya kimoja ni sifa ya kingine. Ubongo una uzito wa gramu. Je, wazo la kumsamehe ndugu nalo ni sehemu ya kitu chenye uzito wa gramu? Akisita, kauli yake ilikuwa ya aina ya pili au ya tatu, na ajadiliwe huko.

Dalili: anakubali kila sentensi, lakini hakubali hitimisho

Mwaka 1895 mwandishi Mwingereza Lewis Carroll aliandika mazungumzo mafupi ya Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, na kobe. Kobe anakubali madai yote ya mwanzo, na anataka hata kanuni ya kuhitimisha iandikwe kama dai jingine. Ikishaandikwa anadai kanuni nyingine ya kuiruhusu hiyo, bila kikomo. Chanzo ni kuichukulia kanuni ya kufikiri kama dai mojawapo katika orodha. Usimwongezee mpinzani wa namna hii dai lingine. Muulize tu yeye mwenyewe anahitimishaje anapovuka barabara. Akijibu kwa vitendo, mnaweza kuendelea. Akikataa kuhitimisha lolote, hakuna mjadala tena.

Dalili: maneno yote yamesafishwa, na bado hawakubaliani

Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba tofauti yao ni ya maneno tu, na hapa ndipo nawaomba wasikimbilie. Kuna hali ambayo neno dogo lenyewe ndilo jambo linalogombaniwa, na ugomvi huo ni wa kweli.

Mwaka 1742 mwanahisabati Goldbach alimwandikia mwenzake Euler dhana ambayo leo huelezwa hivi: kila namba shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Hadi leo haijathibitishwa wala haijakanushwa. Je, ni halali kusema kwamba dhana hii ama ni kweli ama si kweli? Wengi hujibu bila kufikiri kwamba ni halali. Mwanahisabati Mholanzi L. E. J. Brouwer, katika andiko la mwaka 1908, aliitilia shaka kanuni hiyo inapohusu mikusanyiko isiyo na mwisho. Kwake, mwenye kudai "A au si A" anadai kwamba ana njia ya kuithibitisha moja kati ya hizo mbili, na hapa njia hiyo hatuna. Mwanafalsafa Mmarekani W. V. Quine, mwaka 1970, alimjibu mtu wa namna hii kwamba anayeikana kanuni kama hiyo amebadilisha mada, kwa kuwa alama anazozitumia hazina tena maana ya "si" na "au" zilizozoeleka.

Kwa maoni yangu Quine amefunga mlango mapema mno. Brouwer hakujitungia neno jipya kwa hiari yake. Anadai kwamba maana ya "au" imo katika namna tunavyoweza kuithibitisha, na hilo ni dai ambalo linaweza kuwa sahihi au makosa. Aidha, uhuru wa kulipa neno la mantiki maana yoyote una mipaka. Mwanamantiki Arthur Prior, mwaka 1960, alibuni kiunganishi alichokiita tonk na kukipa kanuni mbili: kutoka A unaruhusiwa kupata "A tonk B", na kutoka "A tonk B" unaruhusiwa kupata B. Kwa kiunganishi hicho mtu anaweza kutoka katika kauli yoyote na kufika katika kauli yoyote, na hoja zote hupoteza thamani. Kwa hiyo si kila kanuni iliyoandikwa inalipa neno maana, na swali la zipi zinafaa ni swali la falsafa lenye jibu.

Njia moja ya kuchunguza ugomvi wa namna hii ni ile aliyoihimiza mwanafalsafa Mghana Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022: ulifikirie tatizo lile lile kwa lugha yako ya kuzaliwa. Likitoweka, huenda lilikuwa la lugha ulikolitoa. Likibaki, lichukue kwa uzito zaidi. Tulilijaribu hilo barazani kwa suala la Goldbach, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha wanafunzi wa chuo na kwa Kiingereza cha mwalimu wa hisabati wa shule ya jirani, na lilibaki katika lugha zote tatu.

Walipokwama, wazee wetu wawili walikubaliana jambo moja la kiutendaji. Yule anayekubaliana na Brouwer angetumia "au" pale tu anapoweza kuonyesha upande mmojawapo, na mwenzake kila atakapoitegemea ile kanuni ya pande mbili angenyanyua kikombe chake cha kahawa ili wote waone. Jumamosi iliyofuata kikombe kilinyanyuliwa mara nne. Hoja tatu kati ya hizo ziliweza kujengwa upya bila kanuni hiyo. Ya nne haikuwezekana, na ndiyo wanayoijadili hadi sasa.